Neno Uliloliacha Wazi

Dada yangu Rayya,

Bi Thuraya, mwalimu mwenzako, alikuja tena jana baada ya Alasiri. Anataka kukichapisha kile kitabu ulichokuwa ukikifasiri, ili wanafunzi wenu wapate kukisoma. Alikunywa kahawa, akakuombea rehema, kisha akaniuliza, "Lile neno umeshaliandika?" Nikamwambia bado, akasema atarudi keshokutwa. Aliyesoma ni wewe. Mimi skuli niliiacha mapema nikaingia kwenye kushona.

Unaikumbuka Qantab, ile pwani nje ya mji? Ijumaa asubuhi ulikuwa ukinichukua, tunakaa kwenye mawe, unanisomea uliyoyafasiri wiki ile. Uliniambia khabari za wale Wamarekani wa zamani wa kitabuni mwako, walioacha makanisa wakawa wanatembea msituni, wakisema kila mtu ana nuru yake ndani, hana haja ya kuazima ya mwengine. Kabla yao, ulisema, washairi wa Marekani wakisifu ndege wa Uingereza ambao hawajapata hata kuwasikia. Hawa wa msituni ndio waliowaambia wenzao: andikeni ya kwenu. Nikakuuliza, yanatuhusu nini sisi? Ukanionyesha majabali yaliyotuzunguka.

"Watoto wetu waliozaliwa huku, wakiandika Kiswahili wanaandika mikarafuu ya kule visiwani tulikotoka. Mkarafuu wameuona wapi? Hili jabali ataliandika nani?"

Siku moja ulitusomea nyumbani, mimi na Mama, khabari za yule bwana aliyejenga kibanda kando ya ziwa, akaishi peke yake kwa kujitegemea. Mama alikuwa akichagua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Na nguo akifuliwa na nani?"

Ukacheka. "Wanasema akizipeleka kwa mamake."

"Basi anajitegemea nini huyo? Nna mashaka naye mie. Na neno lenyewe la mabango ya siasa hilo, tulipigiwa kelele nalo mpaka masikio yakatuuma. Sisi twamtegemea Mungu."

Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Lakini kesho yake nilikukuta umeshika raba, unalifuta "kujitegemea" ukurasa baada ya ukurasa. Ulisema Mama kakuvunjia kitabu kizima kwa swali moja la kufua. Ukajaribu "kujiamini", ukasema hilo ni la watu wanaouza vitu. Ukaacha nafasi tupu kila mahali. "Nitalipata," uliniambia.

Kisha ukaugua. Nikawa nakuosha, nakuvisha, nakushikia gilasi ya maji. Mwanzo uliona haya, ukigeuza uso ukutani. Halafu siku moja nilikuwa naanika kanga zako, ukaniita dirishani: "Mimi ndiye yule bwana wa ziwani. Wewe ndiye mamake." Nilicheka kwa kuwa ulitaka nicheke. Siku ile ningeweza kukuuliza lile neno. Sikukuuliza, kwa sababu niliona kukuuliza ni kukuaga.

Sasa kila asubuhi nalifungua daftari lako. Naandika "kujitegemea", namsikia Mama. Naandika jengine, wewe sikusikii. Nafuta. Mama mwenyewe nimemuuliza, nikadhani labda atanionea huruma anipe neno, maana yeye ndiye aliyelifukuza lile la kwanza. "Mwenye neno kenda nalo, mwanangu," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Leo, dada, nimefuta pale pale mpaka karatasi imetoboka. Nilipogeuza ukurasa nikaona tundu limekula maneno yako ya upande wa pili, mawili au matatu. Nimeyatafuta kwenye vumbi la raba kama mtu aliyeangusha sindano. Kabla ya tundu umeandika "na yule mtoto". Baada yake, "bila ya kuogopa". Katikati sijui mtoto alifanya nini.

Bi Thuraya atakitazama kitabu cha Kiingereza, ataziba kwa maneno yake, na yatakuwa sawa. Hayatakuwa yako. Ulinikabidhi maandishi yako, na mimi kwa kutaka kuyakamilisha nimeyapunguza.

Nisamehe, dada. Mungu akupe wasaa na mwanga huko ulipo. Kesho baada ya Alasiri Bi Thuraya atabisha mlango, na mimi nitaufungua nimeshika daftari lako lililotoboka.

Mdogo wako,
Salma