Kilo Tatu za Kitunga

Kabambare, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Natumaini Yozefina anakusomea barua hii polepole, bila kuruka mistari. Mguu wako umepona? Na Baba, bado anakohoa asubuhi? Mimi ni mzima, na nimenenepa kidogo kwa mihogo ya huku.

Nina habari inayohusu vitunga vyako, vile vikapu unavyosuka. Kazi yangu unaijua: wakulima wanaleta pamba, napima, naandika, nalipa. Pamba inapimwa ndani ya kitunga, kisha nakata kilo tatu za kitunga chenyewe. Hesabu hiyo nilikuja nayo kutoka kwetu Kasongo. Lakini kila mwezi pamba iliyopimwa ikitoka depo, kule ghalani, ilizidi ile niliyoandika. Ikipungua, utasema imekauka. Ikizidi, utasema nini? Bwana wa depo aliniambia nisipoeleza mwezi huu, atatafuta karani mwingine. Nilirudia hesabu mpaka penseli ikaisha.

Jumanne, sokoni, mjane mmoja anayeitwa Mama Asha alipandisha kitunga chake kwenye mizani. Nikasoma ishirini na mbili, nikaandika kumi na tisa.

"Karani, kitunga yangu iko na kilo tatu?"

"Ndiyo desturi, mama."

"Basi nunua na kitunga, maana umeipa uzito ya mbuzi."

Wanawake wakacheka, kisha wakakalia mizigo yao. Hakuna aliyetaka kupima tena. Nikamwaga pamba, nikapima kitunga kitupu: kilo moja na robo. Nikakumbuka vitunga vyako, Mama, vya fito nene, vizito hata vikiwa vitupu. Huku wanasuka kwa kamba nyembamba za msituni. Nilikuwa nimewakata watu wa Kabambare uzito wa vitunga vya Kasongo.

Bwana wa depo alipofika na kamio, lori la kubebea pamba, alikuta soko limelala. Nilimweleza yote. Akauliza, "Uliowakata unawajua?" Nikafungua daftari langu la kila siku, lile Baba analoliita ugonjwa: siku, majina, vitunga. Akasoma ukurasa kwa ukurasa.

"Serikali ikiiona ziada hii itasema tunaiba. Pima kila kitunga. Na uwarudishie."

Ijumaa tulipima vitunga vitupu tangu asubuhi hadi jua lilipoinama, na kila mmoja akapata haki yake. Mama Asha alihesabu pesa zake mara mbili, akasema sasa ninaanza kujua kazi. Nami ningali karani.

Nisalimie Baba, shangazi Marta mwimbishaji wa kanisani, na mjomba Tomasi mwenye duka. Nimekununulia kitunga kwa Mama Asha. Nilipouliza bei, akajibu, "Kwanza upime." Kitafika na kamio ya Jumatano, kimejaa karanga. Mjomba akizipima, mwambie akate kilo moja na robo tu.

Mwanao akupendaye,
Petro