Pini ya Arobaini

3 Machi

Mwanangu Pini,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Mama yako mzima, nami mzima, ila bega. Ukiona mwandiko unapepesuka, ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia haupandi juu ya kifua. Jana nimemrudishia mwalimu mkuu kitambaa chake akashone kwingine. Miaka thelathini na moja ya cherehani, sijawahi kurudisha kitambaa.

Lakini koti lako jeupe la kupokelea cheti mwezi wa sita nitalishona mimi. Ole wako ununue la dukani.

Daktari kapiga picha, anasema mfupa ni mzima, bega limeganda, nifanye mazoezi. Na usinianzie habari za sindano zako za tiba ya Kichina. Sindano ni ya kitambaa.

Baba yako, Fundi


14 Machi

Shikamoo baba,

Nashukuru mfupa ni mzima. Mwandiko nimeusoma kwa mbinde. Mimi sijambo, uchovu tu wa masomo.

Naanza habari za sindano zangu, nisamehe. Juzi mgonjwa mpya alikuwa ameshavaa viatu, yuko mlangoni. Nikahesabu trei: zimeingia kumi na nne, zimetoka kumi na tatu. Wenzangu wakasema nimekosea. Nikamkimbilia yule bwana mpaka barazani. Ilikuwa nyuma ya sikio, imejificha kwenye nywele. Mwalimu akauliza nani kanifundisha kuhesabu hivyo. Nikasema ni baba yangu, fundi ambaye nguo haitoki kwake mpaka pini zote zirudi kwenye kimto, na mimi ndiye niliyekuwa natambaa chini ya meza na sumaku. Sasa darasa zima linahesabu kwa sauti, na tunaiita Hesabu ya Fundi. Baba, siku hiyo kichwa changu kiligusa dari.

Muulize daktari wako. Akikubali, njoo. Uje umekula, usijifanye shujaa wa njaa. Vaa nguo pana, inayopanda mpaka begani. Lete vidonge vyako vyote niviandike, hata vile unavyomficha mama. Sindano zetu ni nyembamba kama unywele, mpya, zinatumika mara moja tu na kutupwa. Utasikia mchomo mdogo, au uzito, au ganzi. Ikizidi, sema, nitaitoa. Utalala kama dakika ishirini bila kujigeuzageuza, na hapo ndipo nakuonea huruma. Wala sikuahidi kitu. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati, na si jambo la siku moja. Mazoezi ya daktari usiyaache.

Binti yako, Pini


2 Aprili

Pini,

Huku hatujambo, natumaini nawe hivyo hivyo. Barua yako nimewasomea wateja wanne, na jirani yangu muuza vifungo nimemsomea mara mbili. Hesabu ya Fundi!

Daktari amekubali. Lakini kuja, siji. Sindano nzima mnaitupa baada ya mara moja? Ningekuwa na roho hiyo, duka lingefungwa zamani.

Ukweli ni kwamba naogopa, mwanangu. Siogopi kuchomwa. Naogopa nilale pale, ufanye yote unayoyajua, mkono ukatae kupanda, halafu nikutazame usoni.

Baba yako, Fundi


20 Aprili

Shikamoo baba,

Mimi mzima. Bega likikataa, nitakuambia limekataa, kama wewe ulivyomwambia mwalimu mkuu. Hukufa kwa aibu, nami sitakufa.

Jumanne ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Mwalimu wangu atasimama pembeni. Chumba changu kina godoro la pili, ukae wiki tatu. Nguo pana, baba.

Binti yako, Pini


16 Juni

Pini wangu,

Marahaba. Nimefika salama, na mama yako bado anacheka habari ya suti. Nakiri, uliandika nguo pana nami nikaja na vipande vitatu na tai. Ningeingiaje kazini kwa mwanangu kama mtu aliyetoka kulala? Pale kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja mgeni anatetemeka. Nikamweleza yote, chakula, vidonge, nguo pana, naye akaitazama suti yangu. Nikamwambia anayechoma ni binti yangu. Najua nilikuahidi kunyamaza.

Nilikuwa nangoja maumivu ya sindano ya kwanza, kumbe umeshafika ya nne. Ulipozitoa ulihesabu kwa sauti, moja hadi kumi na mbili, na kila moja ikilia kwenye trei nilisikia duka langu. Nilifumba macho ili mwalimu wako asione machozi.

Baada ya zile mara sita, mkono unafika sikioni. Juu ya kichwa bado, na huenda usifike. Kama ni sindano, ama mazoezi, ama siku kupita tu, hujui, na uliniambia hivyo usoni. Nilikutazama, mwanangu, na sikuona aibu yoyote. Sikioni panatosha kukata kitambaa.

Koti ndilo hili. Mshono wa kwapa la kulia umeyumba kidogo, hatauona mtu ila wewe. Pini arobaini ziliingia, nimehesabu mara tatu, zimetoka thelathini na tisa. Usimkimbilie mtu. Ya arobaini nimeikata ncha, nikaishonea ndani ya ukosi kwa mkono wa kulia. Ni nguo ya kwanza kutoka dukani kwangu ikiwa na pini. Iache humo humo.

Baba Pini