Nyongeza ya Mzee Musyoka

Alhamisi

Imekubali! Kilo zilizo stoo na kilo zilizo kwa kompyuta leo ni sawasawa.

Miezi miwili mfumo huu mpya umenitesa. Kila jioni unasema chakula cha kuku kimepungua, na bosi akaamua mwizi ni Mzee Musyoka wa stoo. Barua ya kumfuta kazi ilikuwa tayari. Na mfumo ni mimi niliuleta.

Asubuhi nikaacha ofisi, nikasimama naye kwa mizani. Mama mmoja kutoka Isinya alinunua kilo kumi. Mzee akapima kumi kamili, kisha akachota kwa mkono akamwagia juu.

"Hiyo ni ya nini?"

"Ya kuongeza, madam. Sasa mteja ataenda hivyo tu?"

Kila mtu hapa Kitengela alijua. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu nani huambiwa kitu kama hicho? Hata mimi nikinunua nyanya nadai yangu! Mjinga mimi.

Nikaweka mstari mmoja kwenye mfumo: NYONGEZA. Mzee anaipima, anaiandika. Jioni hesabu ikalingana, na bosi akairarua barua mbele yetu.

Jumatatu tunaanza kuuweka mfumo tawi la Kajiado. Naogopa, sijui wale nao wamezoea nini. Lakini leo acha nifurahi.

Kabla ya kufunga, bosi alinunua kilo tano za chakula cha kuku wake. Akapimiwa, lakini hakuondoka. Alisimama tu, gunia wazi.

"Mzee, na yangu ya kuongeza?"

Musyoka akachota, akapima, akaandika.