Kuku Wangu Hajawa Heroe

Mume wangu Sadallah,

Miaka miwili hujakanyaga Kunduchi! Unangoja nife ndio uje kukaa chini ya turubai? Mjukuu gani wewe! Mie kusoma sijui, anayeniandikia ni jirani yangu Mama Eliaichi, na nimemkataza kulainisha maneno.

Uliniambia kwenye simu kwamba heroe, wale ndege wa huko ziwani unakotembeza wageni, huzaliwa wa kijivu, ila wakishakula sana vijidudu na uduvi ndio wanakuwa wekundu. Nikasema ngoja nijaribu. Kuku wangu mweupe nimemlisha uduvi mwezi mzima. Manyoya meupe vilevile! Kiini cha yai tu ndicho kimekuwa chekundu kama mawese, na kuku mwenyewe ananuka soko la samaki. Mama Eliaichi anacheka hadi kalamu inamdondoka.

Lakini ulisema pia kwamba heroe akikosa chakula chake anapauka. Nimeitazama picha uliyotuma. Umepauka, Sadallah. Mashavu yameingia ndani. Najua mkeo kaondoka, mama yake kaniambia tangu Ramadhani. Ndiyo maana huji, unaona haya? Haya ya nini kwangu? Mke mdogo kaondoka, mkubwa nipo, na sina mpango wa kwenda popote.

Ukija usiniletee khanga wala keki. Njiani usile hata andazi. Njoo na njaa yako yote, nikupikie uduvi wa nazi, na huondoki mpaka rangi irudi.

Mkeo mkubwa,
Bibi Chausiku