Bauma Hakutoroka

Walikale

Dada Riziki,

Jambo sana huko Mweso. Mama anaendelea je na mugongo wake? Na wewe, unakula? Usinidanganye, ninakujua. Mimi niko muzima, ila siku tatu za kachot zimeniachia viroboto. Ndiyo, walinifunga, na sioni haya kusema. Soma utaelewa.

Uliniuliza kama kweli mume wako ametoroka jeshi, eti iko Omate anachimba dhahabu na bibi mwingine. Ukasema wewe unaona alikufa, lakini wakwe wamekukataza kukaa matanga, kwamba kwa mutoro hakuna kilio. Dada, hasira ilinipanda.

Bauma alikufa. Niliogopa kukuandikia. Unisamehe.

Unajua kikosi chetu iko cha askari wa miguu, na mimi njo mwandishi wake, juu ya mwandiko wangu muzuri. Komanda aliniita: "Kaporali, andika historia ya kikosi, mapigano yote tangu Masisi mpaka hapa. Wakubwa wanaitaka." Nikaandika vizuri tu. Nilipofika pigano la Ntoto akanisimamisha.

"Hapo andika hatukurudi nyuma hata hatua moja."

"Na Bauma?"

"Bauma andika mutoro."

Umeona ujanja? Ile asubuhi tulikimbia, dada. Wote! Mimi niliacha kiatu kimoja mu matope, na Komanda mwenyewe alivuka muto mbele yetu. Bauma peke yake alibaki ku kilima na bunduki kubwa, akazuia adui mpaka muntu wa mwisho akavuka. Sasa kama hatukukimbia, yeye alibaki nyuma kumulinda nani? Ili Komanda asiitwe mwoga, lazima shemeji yangu aitwe mutoro.

Nikamwambia: "Komanda, mukono huu hauandiki hiyo. Tafuta mwingine." Njo kachot. Nilipotoka wakaninyang'anya kazi ya kalamu, na kesho ninapelekwa mbele kabisa, kwenye risasi. Wanipeleke!

Ukurasa wa Ntoto nimeuandika upya, huu niliokunja ndani ya barua. Chini utaona alama kumi na tisa za vidole. Niliwaambia wenzangu wazi: kuweka kidole hapa ni kukubali kama ulikimbia. Wa kwanza akacheka, akachovya wino: "Nilikimbia ndiyo. Njo maana niko na kidole cha kuweka." Wengine wakafuata.

Papa Kambale, yule mufanyabiashara wa Butembo anayeleta chumvi huku, atakupa barua pamoja na mukanda wa Bauma. Mama mumoja wa Ntoto njo alimuzika Bauma kando ya shamba lake la mihogo, akauweka mukanda mpaka niliporudi kuuliza. Angalia lile tundu ulilotoboa na musumari wa moto wakati alikonda. Utaujua.

Sasa nyoa kichwa, dada. Tandika mukeka palepale mbele ya mulango wa wakwe, ulie kwa sauti. Muntu akiuliza nani amekupa ruhusa, mupe karatasi asome.

Nisalimie Mama, na mutoto wenu. Nisalimie hata baba mukwe wako, pamoja na ukali wake wote. Mwambie niko hai juu ya mwana wake.

Ni mimi ndugu yako, niliyekimbia,

Bahati