Fimbo ya Baba Niliyoinyosha

Mbaraki,
Mombasa.
14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Mejumaa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Shangazi. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Aqsa na wenzake hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mwanaesha yu salama, na mwanetu Shifa ameota meno mawili ya mbele, sasa anatafuna kila kilicho karibu.

Utashangaa kupata barua ya karatasi ilhali tunaongea kwa simu kila wiki. Mara tatu nimejaribu kukwambia haya kwa simu, na mara tatu nikaishia kukuuliza habari za baridi ya Toronto. Nina haya, Shangazi. Kwa karatasi angalau hunioni uso.

Ni juu ya ile fimbo ya gofu uliyomletea Baba, ya kusukumia mpira shimoni. Picha niliyokutumia mwezi wa Juni, Baba ameishika anacheka, ilikuwa ya dakika ya kwanza tu. Nilikuandikia kwamba haiachi mkononi. Nilikudanganya. Baba hajacheza tangu Juni, na aliyemkatisha tamaa ni mimi.

Uliponiomba nimpime Baba, urefu wake na kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni, nilimpima vizuri. Nilimwambia ni vipimo vya kanzu. Lakini maelezo uliyonitumia kuhusu fimbo yenyewe sikuyasoma. Niliyaona marefu, nikasema nitayasoma baadaye.

Fimbo ilipofika niliona mpini wake haukusimama wima. Uliingia katikati ya kile kichwa kinachogonga mpira badala ya ukingoni, tena umelalia mbele. Unaijua kazi yangu hapo Shimanzi: kutwa nakagua mizigo iliyopondeka njiani na kuiandikia ripoti. Basi nikajiona mjuzi. Nikasema hii imepindika safarini. Sikumwonyesha Baba, sikukuuliza wewe. Nilimpelekea Lewis, fundi anayetunyoshea milango ya makontena, akaibana kwenye jiliwa, akaipasha moto, akaisimamisha wima. Nikamsifu, na nikampelekea Baba kwa maringo yote.

Alhamisi ile Baba alikwenda uwanjani na Mzee Abdulgani, rafiki yake mwenye duka la vitambaa Mji wa Kale. Kila mpira ulikwenda kushoto, hata wa hatua mbili. Unajua mikono ya Baba inavyotetemeka tangu alipougua. Aliporudi hakula. Alikaa akiitazama fimbo, kisha akaniambia, "Kamaludin, mikono yangu imekufa. Hata kwa fimbo ya Mejumaa yashindwa." Wiki iliyofuata akawagawia wabeba mifuko wa uwanjani fimbo zake zote, akabakisha yako peke yake, akaiweka nyuma ya mlango wa jikoni. Nami nikamfariji, Shangazi! Nikamwambia ni umri.

Mwezi uliopita Mzee Abdulgani alikuja kumjulia hali, Baba akiwa msikitini. Akaiona fimbo, akaishika, akakunja uso. "Nani kainyosha hii?" Nikamjibu sijui. Mtu mzima na ndevu zangu, nikasema sijui.

Akanieleza taratibu, akidhani nasikiliza kwa kupenda elimu. Fimbo ya kawaida mpini wake umeshikwa ukingoni, kwa hivyo uzito wa upande wa pili huvuta, na kichwa hutaka kuzunguka. Mkono wenye nguvu hukizuia bila mwenyewe kujua. Hizi mpya mpini wake huelekezwa pale pale uzito ulipo, kichwa kikawa hakina sababu ya kuzunguka, na uso wake hubaki ukitazama unakoupeleka mpira. Alisema si ya kila mtu. Mwenye mkono uliotulia anaweza kuiona nzito na bubu, na mipira ya mbali itamsumbua mwanzoni. Anayeichagua asitazame jina wala rangi. Ahakikishe urefu na ulalo wa mpini vimepimwa kwa mwili wake, kichwa kikae sawasawa juu ya majani. "Na huko kulala mbele kulikonyoshwa ndiko kwenye kazi; bila huko kichwa huzunguka, mpira ukaenda kushoto," akasema. "Aliyemchagulia babako alimfikiria sana."

Maneno hayo yalinichoma, na bado nikanyamaza siku kumi na tisa. Nilijua kosa si la mikono yake, nami nikakaa naye mezani nikimtazama akimngoja Mwanaesha ammiminie chai, kwani birika aliacha kulishika. Akaacha na kumbeba Shifa, akihofia kumwangusha. Mtoto akimnyooshea mikono, Baba anageuka upande. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kuficha.

Juzi Ijumaa, baada ya swala, nilimwambia. Hakunifokea. Aliuliza, "Si mikono?" Nikamwambia si mikono, Baba, ni mimi. Akauliza tena, nikajibu tena. Kisha akasema, "Miezi mitatu, Kamaludin," akaniomba nitoke. Nilisimama nje ya mlango nikamsikia akilia. Sikumsikia akilia hata tulipomzika Mama.

Sikuandikii ili unitetee kwake. Nisamehe kwa kukudanganya, ukiweza. Na tafadhali usitume nyingine kwa sasa. Lewis amesema akiipasha moto tena itakatika, na Mzee Abdulgani atampeleka Baba kwa mwalimu wa uwanjani akapimwe, achague mwenyewe.

Mwanaesha anakusalimu sana. Nisalimie Aqsa na ndugu zake, na majirani wanaokutazama huko ugenini. Mola akuhifadhi, akupe afya na akulipe kwa wema wako kwetu.

Salamu za Baba sikupewa. Amesema atakupigia mwenyewe, saa ambayo mimi niko kazini. Namjua: ataanza kwa kukuomba radhi kwa kuiacha fimbo yako. Nakusihi, Shangazi, usimwache akuombe radhi.

Mwanao aliyekukosea na anayekupenda,
Kamaludin