Sahani ya Bi Stamatia

Lefteri na Evanthia,

Supu ya dengu iko jikoni. Nimeenda shule ya jioni, leo ni mtihani wa hesabu, mniombee. Kwenye kikao cha wakazi usiku, wakipigia kura kama chumba chetu cha kupangisha wageni kifungwe, ~~msimsogelee Bi Stamatia wa juu~~ kaeni karibu naye kabisa.

Asubuhi alitoka kanisani kwenye kumbukumbu ya marehemu mumewe, akatuachia mlangoni sahani ya ngano tamu iliyochemshwa, ya kumwombea marehemu. Wageni wetu Wadenmaki wakadhani ni kifungua kinywa. Wakaila yote! Bi Stamatia aliposhuka akawakuta wanalamba vijiko, na yule kijana akamuuliza, "Kesho tena, mama?"

Nikasema moyoni, Bwana nihurumie, chumba kimefungwa leo. Kumbe yeye akaketi ngazini, akacheka mpaka machozi. "Tangu Sotiri wangu afariki, jengo zima linaonja kijiko kimoja kwa adabu. Hawa wamemaliza sahani!" Akawafundisha kusema, "Mungu amrehemu." Kigiriki chao kilivunjika vipande, lakini Mungu amesikia.

Ila ana sharti. "Masanduku yao ya magurudumu yananiamsha alfajiri, mwanangu. Yakibebwa mkononi, sitawapinga."

Lefteri, nimemwahidi utayabeba wewe. Ni ghorofa tatu tu.

Evanthia, sahani yake aliisahau kwa kucheka. Mpelekee, isiende tupu; weka malimau ya barazani.

Kesho amewaalika wageni chakula. Na sisi, amesema, tukipenda.

Mama